Paa la Augusta

Kampuni yetu ya magari haikuwa na kiwanda wala mfanyakazi. Ilikuwa na wakurugenzi wawili, mimi na kaka yangu, na ofisi yake ilikuwa meza ya jikoni kwake, kila Jumapili alasiri, vyombo vikishaondolewa. Iliitwa Vandermere, ya Marekani, watengenezaji wa magari ya fahari. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Marekani. Kaka alikuwa fundi bodi, mtu wa nyundo na mabati. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa vipuri, na nilisoma uchoraji wa kiufundi shule ya usiku miaka minne, nikiwa na watoto watatu nyumbani. Cheti changu kipo ukutani mpaka leo. Nakitaja kwa sababu ndicho kilichoniponza.

Mwanzo wake ni gari moja kubwa la Kimarekani lililoletwa gereji limebonyea ubavu mzima. Kaka alilinyoosha kwa wiki sita. Mwenyewe alipokuja kulichukua, kaka aliomba aketi ndani dakika moja tu. Yule bwana aliitazama ovaroli yake, akavitazama viti vya ngozi, akawasha gari akaondoka. Jumapili ile kaka akaniambia, "Mdogo wangu, tutatengeneza la kwetu. Na hatutamnyima mtu kukaa."

Kwa miaka thelathini na moja tulitoa magari kumi na manne. Majina tuliyaokota kwenye atlasi. Kulikuwa na Memphis, lenye boneti ndefu kama meza ya karamu. Kulikuwa na Nebraska la viti saba, ambalo kaka alisema ni la balozi mwenye familia isiyopatana, maana kila kiti kilikuwa na dirisha lake. Kansas tulilikataa. Kaka alisema linasikika kama dawa ya mafua.

Kazi tuligawana hivi. Yeye alichora kwa penseli, bila rula. Mimi niliipeleka karatasi nyumbani kwangu, nikapima, nikapitisha wino juu ya penseli, nikaandika maelezo pembeni: urefu, uzito, injini, rangi za ngozi. Kisha tulitia sahihi wote wawili. Wino ukishakauka, gari limetoka kiwandani, haliguswi tena. Hiyo ilikuwa sheria, na sheria niliitunga mimi.

"Profesa," alikuwa akisema, maana ndivyo alivyoniita, "uzito huu umeutoa wapi?"

"Kwenye hesabu, kaka."

"Umelibeba ukaona?"

Kisha kiharusi kilimpata, kikamchukua upande wote wa kulia. Akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Kila Alhamisi tulimpeleka mazoezi ya viungo kwa teksi. Mimi nilimshika kwapani, dereva akamshika miguu, tukamkunja na kumsukumiza ndani. Dereva alizoea kusema, "Mzee, inamisha kichwa." Kaka aliinamisha. Hakulalamika hata siku moja, nami nikadhani hana la kulalamikia.

Miezi kadhaa baadaye alisema bado kuna gari moja. Alilichora kwa mkono wa kushoto, Jumapili kumi na moja, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Akaliita Augusta. Akanikabidhi.

Nililitandaza mezani kwangu asubuhi ya Jumatatu, na moyo wangu ukauma. Paa lilikuwa juu mno. Mlango wa nyuma ulikuwa mpana na wima kama wa kabati. Kizingiti chake kilikaribia kugusa ardhi. Nikasema, maskini, mkono umeteleza. Nikamsaidia. Nilishusha paa sentimita kumi na nane, nikaupa mgongo mteremko wa kupendeza, nikapunguza mlango, nikainua kizingiti. Kila kitu kwa kanuni, kama nilivyofundishwa. Nikafuta penseli yake, nikapitisha wino. Sijawahi kujisikia mtu mwema kama siku ile.

Jumapili nikampelekea. Aliikagua karatasi kuanzia taa hadi paa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nimerekebisha kidogo pale mkono ulipoteleza."

"Haukuteleza," alisema.

Nikampa kalamu atie sahihi. Aliiacha mezani. Akamwambia binti yake amsogeze dirishani, na hakunigeukia tena. Jumapili iliyofuata niliambiwa amechoka. Iliyofuata pia, amechoka.

Mara ya tatu, binti yake alinifuata mlangoni. Ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Alikuwa na kipande cha boksi mkononi.

"Baba mdogo, ulimuuliza kwa nini paa liko vile?"

"Niulize nini, mwanangu? Mtu ana kiharusi."

Akanipa lile boksi. Kulikuwa na vipimo, kwa mwandiko wa huyo binti: kutoka sakafuni hadi utosini, baba akiwa ameketi kwenye kiti chake. Upana wa magurudumu. Kimo cha magoti.

"Alinipimisha kwa tepu yangu, mara mbili mbili," alisema. "Aliniambia anatengeneza gari ambalo mtu haingizwi. Anaingia mwenyewe, na kiti chake, na kichwa chake kiko juu."

Nilirudi nyumbani, nikaitoa ile karatasi niliyorudi nayo bila sahihi, nikachukua wembe, nikaanza kukwangua wino, kama tulivyofundishwa kufuta makosa. Karatasi ilichanika kwenye paa. Nikaenda nayo hivyo hivyo. Njiani nilipanga maneno mengi ya mtu aliyesoma, kuhusu upepo na mteremko wa mgongo. Nilipomwona pale dirishani, yote yalinitoka.

"Kaka, nimekosa. Nisamehe."

Alinyoosha mkono wake mzima, ule wa kushoto, akaipapasa ile karatasi iliyochanika kama anayepapasa bati.

"Kumbe hata wewe unabonyeza," alisema.

"Hata mimi."

"Basi nyoosha. Chora upya. Mkono wangu umekwisha, mimi nitaangalia."

Nilikuwa sijawahi kuchora bila mstari wa mtu mwingine chini ya kalamu yangu. Siku hiyo nilijua kwamba miaka yote ile nilikuwa nafuata tu. Kaka alifurahi mno.

"Profesa, hilo ni gari au friji?"

"Kaka, nipe nafasi."

"Nafasi unayo. Akili ndiyo sijui. Panda juu! Paa juu! Unaniogopea nini?"

Tulifanya kazi Jumapili mbili. Safari hii niliuliza kila kitu. Sakafu iwe bapa? Iwe bapa. Taa za mbele? Za mviringo, zenye adabu. Ngozi ya ndani? Nyekundu iliyoiva. Jumapili ya pili ulibaki mlango wa nyuma peke yake. Binti yake akasema baba anasinzia, nami nikafunga penseli kwenye kasha, nikamwambia kaka, "Mlango wiki ijayo."

"Wiki ijayo," alisema.

Jumatano mchana binti akapiga simu kwamba baba amezidiwa. Nilikuta teksi imeshafika. Tulimshika vilevile, mimi kwapani, dereva miguuni. Nikaweka kiganja changu juu ya kichwa chake asigonge ukingo wa paa, na vidole vyangu vikabanwa kati ya chuma na kichwa cha kaka yangu. Alinitazama tu, shingo imekunjwa upande, mpaka tulipofika hospitali. Alfajiri ya Ijumaa alifariki.

Augusta lipo mezani kwangu. Paa liko juu, sakafu ni bapa, taa ni za mviringo. Mahali pa mlango ni peupe. Najua upana wake na kimo chake, maana vipo kwenye boksi. Ila sijui aliutaka ufunguke vipi: uteleze pembeni, unyanyuke juu, au ushuke chini uwe njia ya magurudumu. Mchoro wake wa kwanza ungeniambia, lakini sikuutazama vizuri; niliufuta, nikaufunika kwa wino wangu, kisha nikauchana.

Nimejaribu kumuuliza binti yake. Anasema baba hakumwambia.

"Chora unavyoona wewe, baba mdogo," anasema.

Nakaa, nashika penseli. Jumapili inapita.