Mkono wa Nzioka Chini ya Shali

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi kamati ya kuwapiga msasa watu wanaoomba kitambulisho ilikutana katika chumba cha mabati upande wa Mumbuni, na Mzee Nzioka alifika mapema ili apate kiti kisicho na ufa. Wanakamati walikuwa watatu. Mwalimu Ndunge, aliyestaafu, ndiye mwenyekiti. Kaloki aliandika. Nzioka, mfanyabiashara wa mbuzi, aliwekwa hapo kwa sababu alijua watu. Redioni ilikuwa imesemwa kwamba mambo ya msasa yameondolewa, lakini hakuna aliyewaletea barua, kwa hiyo waliendelea kukutana na chai iliendelea kuletwa.

Si kila mtu aliitwa mbele yao. Kijana wa Mbinya, jirani yake Nzioka, alipata kitambulisho kwa kupeleka nakala ya kitambulisho cha babake, akarudi nyumbani kabla uji haujapoa. Waliokuja kwenye chumba cha mabati walikuwa na majina kama Hirad na Deeqa. Fomu haikusema hivyo. Fomu iliwaita waombaji wanaohitaji kuthibitishwa, maneno safi ambayo mtu angeweza kuyasoma hata kanisani.

Alhamisi moja ilikuwa zamu ya Haweya, bintiye Kahin. Alikuwa na miaka kumi na minane na barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka kitambulisho kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Nzioka ndiye aliyemkimbiza mamake hospitalini kwa pikapu siku alipozaliwa, mvua ikinyesha na mbuzi wanne wakiwa nyuma. Yeye na Kahin walikuwa wameuza mifugo pamoja miaka ishirini na miwili.

Haweya aliingia na shali ya babake mkononi.

Sokoni, kina Kahin hawataji bei kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi hushikana vidole chini ya shali, kila kidole na hesabu yake, na aliyesimama kando haambulii kitu. Kahin alimfundisha Nzioka kazi hiyo mpaka akaijua vizuri. Tangu mvua za Aprili, vidole vilivyoshikana chini ya shali ya Kahin vilikuwa vimeanza kusema na mengine. Ukimshika mwenzako ulijua bei yake, kisha ulijua kwamba fahali wake anakohoa, kisha ulijua kwamba amekudharau tangu mwaka juzi. Chini ya shali hiyo mkono haukuweza kudanganya. Biashara ililala wiki moja, halafu watu wakazoea. Wenye ng'ombe wagonjwa walirudi kuuza kwa mdomo.

"Baba amesema tuongee na hii," Haweya alisema, akaitandaza mezani.

"Ni sawa," Mwalimu Ndunge alisema. "Lakini ufanye haraka, mwiitu, binti yangu, huko nje kuko na watu wengi. Na maswali ya fomu lazima yaulizwe."

Kaloki aliyauliza. Haweya alitaja vilima vitatu: Iveti, Mua na Kiima Kimwe. Alipoambiwa asalimie kwa Kikamba, alisalimia vizuri kuliko watoto wa Kaloki, wanaojua Kiingereza tu. Alipoulizwa babu ya babake alizikwa wapi, alisema Wajir, kaskazini. Kaloki alilipigia jibu hilo mstari, kisha akaupitia mstari mara ya pili.

Nzioka akaingiza mkono chini ya shali, akashika vidole vya Haweya.

"Nilikuwepo ulipozaliwa," mkono wake ulisema. "Wewe ni wa hapa kama mimi. Lakini nikiona wanaume kumi wa kwenu wamesimama pamoja, baridi inaniingia mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikosea. Nikikukubali leo, kesho watasema Nzioka amekula hongo. Ninaliogopa neno hilo kuliko ninavyokupenda."

"Kwetu kikombe chako kimewekwa kando," mkono wa Haweya ulijibu. "Mama hukisuuza mara tatu ukishaenda. Tunasema mengi juu yenu ukishaenda."

"Najua," mkono wa Nzioka ulisema.

Kwa hiyo walikuwa sawa, kwa mtu anayependa usawa wa namna hiyo. Lakini kikombe hakikuwahi kumzuia Nzioka kuuza hata mbuzi mmoja, na karatasi iliyokuwa mbele ya Kaloki ingeweza kumzuia Haweya maisha yake yote. Huo si usawa, na Nzioka aliufahamu ukweli huo akiwa bado ameushika ule mkono.

Mwalimu Ndunge naye akashika. "Mtoto wa dada yangu alitolewa kwenye basi huko kaskazini akauawa," mkono wake ulisema. "Ulikuwa darasa la pili. Najua si wewe. Lakini wewe ndiye uliye mbele yangu."

Alipoutoa mkono alikuwa analia kidogo. Alimshukuru Haweya, akasema kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwa amepata mtu wa kumwambia. Haweya akampa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kaloki hakushika. Alisema yeye ni wa kuandika tu. Akaandika: *Uchunguzi uendelee.*

Baada ya hapo kamati iliomba iachiwe shali. Kila Alhamisi waombaji waliingia, wakashika mikono, wakaambiwa ukweli na wakausema. Wengine walitoka wakisema hawajawahi kusikilizwa hivyo. Nzioka alianza kula vizuri na kulala vizuri. Mwalimu Ndunge alisifu kazi ya kamati katika mkutano wa akina mama wa kanisa. Kwenye fomu Kaloki aliandika maneno yale yale, na mwezi ukaisha.

Haweya aliitwa tena Alhamisi ya kwanza ya mwezi uliofuata, nafasi yake chuoni ikiwa imeshapewa mtu mwingine. Shali ilikuwa mezani. Nzioka alikuwa ameshaingiza mkono chini yake, kiganja juu, anamngoja. Haweya hakuketi, na mikono yake aliiacha ndani ya buibui.

"Baba Kiema," alimwambia Nzioka, kama alivyomwita tangu utotoni, "unanijua?"

"Weka mkono hapa, mwiitu. Nitakuambia."

"Hapana. Sema kwa mdomo. Kaloki aandike."

Kaloki alishika kalamu tayari. Mlango ulikuwa wazi, na watu wa foleni waliacha kuzungumza ili wasikie. Mwalimu Ndunge aliangalia chai yake. Chini ya shali vidole vya Nzioka vilifumba na kufumbua, vikisema peke yao kila kitu vilichokijua, mpaka kitambaa kikawa kinacheza mezani. Mdomo wake ulifunguka. Alimwangalia Haweya, akawaangalia wale wa mlangoni mmoja mmoja, kisha akaliita jina lililofuata.