Manowari Aliyekaa Eda Kaole

Zuwena alikuwa akianika mashuka uani, ndoo kaiweka juu ya matofali ili kuku wasiinywe, manowari ilipotia nanga mbele ya Kaole. Ilikuwa ya kijivu, ndefu kuliko msikiti na shule vikiunganishwa, na mlingoti wake haukuwa na bendera. Mwenye nyumba, Shangazi Miza, alitoka na ungo wa mchele, akaitazama, akapepeta mara mbili.

"Anakaa eda huyo," alisema.

Watu wa ufukweni walikuwa wakisema imetia nanga, imetoka mbali, inahamishwa kutoka jeshi moja kwenda jingine. Shangazi Miza alisema ametia nanga. Alikuwa amewakalisha eda wanawake wengi wa Bagamoyo, wajane na walioachwa, na dalili zake hazikumpa tabu: hana pambo, hanukii, hajibu salamu za wanaume. Kabla ya Ijumaa Kaole nzima ikawa inasema ametia nanga.

Zuwena mwenyewe alikuwa eda. Mumewe Twalib, muuza vipuri vya magari Chalinze, alimwacha kwa talaka moja, asubuhi, kabla chai haijapoa. Eda ikiendelea, mawili yaliwezekana: Twalib amrejee, au ijulikane kama ameacha kitu tumboni. La kwanza Zuwena hakulitaka tena. La pili alilijua tangu wiki ya kwanza, kwa jinsi harufu ya vitunguu ilivyomchefua. Alichotaka ni kimoja tu, Twalib aseme mtoto ni wake, mtoto apate ubini, jina la baba nyuma ya lake.

Kwa kuwa mwanamke wa eda hazururi, manowari ndiye aliyeanza kuja. Maji yakijaa adhuhuri, alipita juu ya mchanga ambao maji yake hufika magotini, akapenya mikoko bila kuvunja tawi, akasimama nyuma ya ua wa makuti. Kivuli chake kilifunika kamba ya nguo, basi Zuwena akaihamishia upande wa choo. Kisha akamwamkia, maana alikuwa mkubwa.

"Marahaba, mwanangu," manowari alijibu. Sauti yake ilitoka chini, kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa.

Alisimulia kidogo kidogo, Zuwena akichambua mchicha. Jeshi la kwanza, la nchi ya baridi, lilimvunjia chupa usoni siku ya harusi, likampa jina la mto. Alilitumikia ujana wake wote. Aliwahi kuwaokoa mabaharia wa meli iliyoungua, wakalala kifuani mwake wakitetemeka mpaka kukacha. Alipoanza kuchakaa akakabidhiwa jeshi la pili. Hilo lilipaka rangi juu ya jina la mto, likamwita kwa jina la vita ambavyo hakupigana. Lilimpenda akiwa na mizinga. Lilipomng'oa mizinga likaacha kumpiga msasa. Sasa alikuwa akilingoja jeshi la tatu, na jina lake jipya hajaambiwa. Magoti yalikuwa yakimuuma, alisema, ingawa hakuwa nayo.

Zuwena akamuuliza kama aliwapenda.

"Nilimpenda mpishi mmoja," manowari alisema. "Alikuwa akimenya viazi huku ananisemesha."

Mwezi wa pili wa eda, mstari mwekundu wa ubavuni mwa manowari, unaopima uzito wake, ukazama majini, na hakuna aliyepakia kitu. Bwana Najim, wakala wa meli kutoka Dar, alileta mafundi na pampu. Walishuka mpaka chini kabisa, wakakuta pakavu. Shangazi Miza akapaka kiganja chake mafuta ya nazi, akakiweka kwenye chuma.

"Mjamzito," alisema. "Na huyu wangu pia." Akamwonyesha Zuwena kwa kidevu.

Bwana Najim akawapa hongera wote wawili. Halafu akalipigia simu jeshi la pili, likamjibu kwa adabu kwamba meli ilipotoka kwao ilikuwa tupu. Shangazi Miza akaona na yeye ampigie Twalib. Nyuma ya sauti yake walisikika wapiga debe wa Chalinze wakiita abiria wa Morogoro.

"Shikamoo, Shangazi. Alipotoka kwangu alikuwa mtupu."

"Marahaba. Usibishane na mimi, baba. Bishana na mwezi."

Twalib akasema amepata mteja, akakata.

Eda ya mjamzito huisha kwa kujifungua, na hilo Bwana Najim alilijua tangu chuoni. Akawaomba maofisa wa jeshi la tatu wasubiri. Wakasubiri katika hoteli ya Bagamoyo, wakila biriani.

Manowari alijifungua asubuhi ya manyunyu. Kanga za Kaole nzima ziliungwa ncha kwa ncha, akazungushiwa, wanaume wakaambiwa wageuke. Mtoto aliteleza kutoka chini ya tezi, kule nyuma ya meli, urefu wake wa ngalawa, kijivu, kalowa mafuta. Zuwena akamfuta kwa shuka.

Bwana Najim alisikitika kwa dhati, lakini mkataba ulitaja meli moja. Maofisa wakampaka mama rangi, wakamtia jina.

"Akiniuliza mama yake ni nani, nimwambie jina lipi?" Zuwena alimuuliza manowari.

"Mwambie lile la mto."

Akaondoka akipiga honi mara moja, fupi, kama mtu anayekohoa ili asilie. Mdogo akabaki kwenye mkono wa maji kati ya mikoko, ubavu wake hauna jina, maana hakuna taifa lililomkubali.

Zuwena alipata mtoto wa kiume mvua za masika zilipoisha. Twalib alipigiwa tena, akajibu kwa maneno yale yale. Siku ya kumpa jina mtoto aliitwa Sheha, na baada ya Sheha watu wakangoja kidogo, kama wanaongoja chafya isiyokuja, kisha wakala wali.

Sasa maji yakijaa, Zuwena hushuka mikokoni kumnyonyesha mwanawe, mgongo kauegemeza kwenye ubavu wa yule mdogo, ambao daima una joto. Juzi walikuja watu wa ofisi fulani, suruali wamezikunja, wakauliza chombo kile ni cha nani. Zuwena akamhamishia mtoto titi la pili.

"Ni wetu," alisema.

Wakamwambia hilo si jibu. Akawakaribisha chai.