Silikoni ya Bafuni

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba jambo hili sitalisimulia kwa upole. Wapo walioniambia, Demetria, yamekwisha hayo, samehe. Wote walioniambia hivyo wana masikio mawili mazima.

Mwaka 1995 nilikuwa fundi wa vifaa vya kusikia pale Manzese, kwenye fremu ya vyumba viwili kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya mchomelea mageti na muuza magodoro. Mwenye karakana alikuwa Edgar. Huyu bwana hakusomea masikio. Alikuwa karani wa shirika la umma lililobinafsishwa, akaona wenzake wanaleta redio na friji kutoka Dubai, naye akaleta vifaa vya kusikia, sanduku zima. Hilo simlaumu. Kabla ya hapo mtu aliyepungukiwa kusikia alisubiri kifaa cha msaada miaka na miaka, na wengine walikufa wakisubiri.

Kifaa chenyewe kilikaa nyuma ya sikio. Kazi yangu mimi ilikuwa kizibo, yaani kile kipande laini kinachoingia tunduni na kupitisha sauti. Kila sikio lina umbo lake, hata masikio ya mtu mmoja hayalingani. Kizibo kisipokaa sawasawa sauti inavuja, inarudi kwenye kifaa, na kifaa kinapiga mluzi. Mwenye kifaa anaweza asiusikie mluzi huo. Walio karibu naye wanausikia wote.

Nilifundishwa kazi na Bruda Leonardi, hospitali ya misheni huko kwetu bara, mtu mkali kweli. Malighafi mpya ikifika, alipaka kidogo upande wa ndani wa mkono wake, akafunika kwa plasta, akakaa nayo siku tatu, akilima nayo na kusali nayo. Plasta ikitoka na ngozi ni safi, tunaanza kazi. Ngozi ikiwa nyekundu, debe zima linakwenda shimoni na hakuna mjadala. Mimi nikarithi mtindo huo, na Edgar akauita ushamba.

Mwezi wa saba malighafi ya vizibo ilituishia. Ile yenyewe, silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya kukaa kwenye ngozi ya mtu, ilikuwa bado njiani, na tulikadiria wiki tatu. Jumatatu asubuhi Edgar akarudi kutoka Kariakoo na mrija mnene mweupe, meno yote nje.

"Dada Demetria, tumepona! Silikoni hii hapa, imejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi."

Nikaufungua, nikanusa. Harufu kali ya siki ikanipanda puani.

"Bosi, hii ni ya kuzibia mabafu na vioo vya madirisha."

"Silikoni si silikoni? Si wewe kila siku unaniimbia silikoni, silikoni?"

Nikamsomea maandishi ya ubavuni, neno kwa neno. Ina dawa ya kuua ukungu. Isiguse ngozi. Akasema Wazungu wanaogopa kesi tu, hata kiberiti wangekiandikia onyo. Sikubishana zaidi. Nikapaka kidogo mkononi, nikabandika plasta, nikamwambia tungoje mpaka Alhamisi. Akacheka, akauweka mrija rafuni, akasema sawa.

Alasiri ya siku ileile akaja Mwalimu Chausiku, mwenyeji wa Temeke, mwalimu wa darasa la nne hukohuko, mama wa makamo mwenye sauti ya juu kama walivyo wengi wasiojisikia wenyewe. Sikio lake la kushoto lilikufa tangu utotoni. Alilobaki nalo ni la kulia, na kwa kifaa lilisikia vizuri kabisa. Tatizo kizibo kilikuwa kimekakamaa, mluzi hauishi, na watoto darasani walikuwa wakimjibu kwa miluzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nizibie huu mluzi. Serikali inapunguza watu, na mwalimu mkuu keshapeleka jina langu. Ijumaa mkaguzi anakuja kuangalia kama bado naweza kufundisha."

Nikamweleza kwa midomo na kwa mikono kwamba malighafi salama itafika baada ya wiki tatu. Akaniuliza, "Na Ijumaa je?" Nikamwonyesha kopo tupu la malighafi. Akaondoka.

Kesho yake nilishinda forodhani nikiulizia mzigo wetu. Niliporudi jioni, Edgar alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, na karakana nzima inanuka siki.

"Mwalimu wako karudi. Nimemjazia mwenyewe. Mluzi kwisha! Katoka hapa analia kwa furaha."

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakusema uongo. Gundi ile iliziba barabara, hata mimi nisingeziba vile. Nilimwambia maneno ambayo binti wa misheni hayasemi. Nikadai daftari la anwani nimfuate Mwalimu, akalifungia kwenye mtoto wa meza, akasema niache kumharibia biashara, kwanza sina hata ushahidi. Na hapo nami nina kosa langu. Shule za Temeke zinahesabika, ningeweza kuzunguka moja moja mpaka nimpate. Badala yake nikasubiri plasta itimize siku tatu, ili niwe na ushahidi.

Ushahidi niliupata. Alhamisi asubuhi nilipobandua plasta, ngozi ilikuwa imeumuka malengelenge yenye maji. Nilikuwa bado naosha mkono nilipomwona Mwalimu Chausiku mlangoni, khanga imezungushwa kichwani, sikio la kulia limejaa pamba, na pamba imelowa. Shavu lote upande ule lilikuwa limevimba. Wateja watatu waliokuwa kwenye benchi wakampisha akae.

Edgar hakumpa hata pole.

"Usafi, Mwalimu, usafi. Sikio lisiposafishwa ndiyo matokeo yake haya."

Kumwambia hivyo mwanamke anayetia udhu mara tano kwa siku! Mwalimu hakusikia, alikuwa akimwangalia midomo tu, akitabasamu kwa adabu huku machozi yanamtoka kwa maumivu.

Nikakunja mkono wa gauni, nikaulaza mkono wangu juu ya meza yake, malengelenge juu. Nikachukua mrija rafuni, nikauweka pembeni.

"Kama ishu ni usafi, bosi, wewe ni msafi. Jipake sikioni. Siku tatu tu, hapa hapa mbele ya wateja."

Akanyoosha mkono kuushika mrija. Vidole vikafika karibu, vikasita, akaurudisha mkono mapajani.

"Usinitanie, Demetria."

Wateja wakasimama mmoja baada ya mwingine na kutoka. Mwalimu aliangalia mkono wangu, akaangalia mrija, akamwangalia Edgar mikononi. Hakuhitaji kutafsiriwa. Nilidhani atapiga kelele, na niliomba apige. Akafungua mkoba, akatoa kile kizibo, akakiweka mbele yangu.

"Nirudishie, mwanangu. Mie mkono haufiki vizuri, panauma. Nitavumilia kesho tu, mkaguzi akiondoka nakitoa."

Nimeona mengi kwenye kazi hii. Sijaona mtu akiomba arudishiwe sumu sikioni kwa heshima namna ile, kama anayeomba maji ya kunywa. Nilichukua mkasi nikakikatakata kizibo vipande vipande, naye akashika kichwa.

Kisha nikachukua karatasi yenye jina la karakana, nikaandika kwa herufi kubwa ili na yeye asome ninavyoandika. Kwa Mkaguzi wa Shule. Sikio la Mwalimu Chausiku Salumu limeumizwa na karakana hii, kwa kutiwa gundi ya kuzibia mabafu. Akiwa na kizibo sahihi anasikia na kufundisha vizuri. Tunaomba ukaguzi usubiri wiki tatu. Kosa ni letu, si lake. Nikatia sahihi na jina langu kamili.

Mhuri ulikuwa kwenye meza ya Edgar.

"Ukigonga huo mhuri, hapa si kwako tena," alisema.

Barua bila mhuri, mkaguzi gani angeisoma? Nikagonga. Wa kwanza ulififia, nikagonga tena pembeni yake.

Mkaguzi alimpa Mwalimu wiki tatu tulizoomba, lakini hilo nililisikia baadaye. Siku ile Mwalimu aliisoma barua polepole, kidole kikifuata mistari, akaikunja na kuitia mkobani. Mimi nilikuwa nimeinamia kikapu changu, nakusanya visu na brashi zangu.

"Na wewe sasa utafanya kazi wapi, mwanangu?"

"Sijui, Mwalimu," nikasema bila kuinua uso.

Hakusikia, wala midomo yangu hakuiona. Akanipapasa begani, akasema, "Alhamdulillahi, afadhali umeshapata."