Kitita cha Kumi

Mimi sisomi vitabu. Usinicheke. Mwaka wa ishirini na mbili huu najalidi vitabu vya watu, na kama ningekaa kusoma kila kinachopita mezani pangu tungelala njaa. Kitabu kikija kimechakaa, nafumua uzi, natenganisha vitita, nabandika palipochanika, nashona upya. Kitita ni zile kurasa kumi na sita zilizokunjwa pamoja. Ili nisivichanganye, natazama mstari wa kwanza wa kila kitita na mstari wake wa mwisho, naona kama vinashikana na jirani zake, basi. Juu na chini. Ya katikati si kazi yangu.

Msomaji ni binti yangu. Ana miaka kumi na mmoja, na tunamwita Hakimu kwa sababu hakuna jambo asilolitolea hukumu, kuanzia chumvi ya mboga hadi nywele zangu. Likizo hii anashinda nami karakana. Karakana yenyewe ni chumba kimoja: meza ndefu, harufu ya gundi, na mashine ya kubana vitabu ambayo mpini wake umelegea. Nimeufunga kwa kitambaa. Mume wangu kila siku ataukaza kesho, na ole wangu niuguse, eti nitaharibu skrubu.

Mkutubi wa shule alituletea vitabu arobaini vya kushona, na kimojawapo kilikuwa riwaya ya mpima ardhi aliyepotea nyikani na punda wake. Hakimu akaking'ang'ania. Nilipofumua uzi tu, akaanza kukisoma kitita kwa kitita, mimi nikibandika alichomaliza, yeye akidai kinachofuata. Utasema raha ilioje, mtoto anasoma. Thubutu!

Baba yake huyo mtoto ni fundi wa kuchimba visima. Alikuwa amekwenda porini na wenzake watano, mvua zikaja kwa fujo, daraja likakatika, na simu yake ikawa haipatikani. Siku kumi na mbili. Mimi roho juu, nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje naacha sindano. Hakimu hakutoa hata chozi moja. Yeye alisoma, na kila alichofanya mpima alikiandika nyuma ya karatasi chakavu. Mpima anachemsha maji. Baba ana sufuria? Mpima anapuliza filimbi. Baba hana filimbi ila anajua kupiga mbinja. Mpima hauachi mto. Akaanza hata kunywa maji funda moja moja, na kila nikimpa biskuti mbili anakula moja, ya pili anaiweka mfukoni, akiba. Nimeshafua nguo zenye akiba mara tatu.

"Mama," aliniambia kwenye kitita cha saba, "mpima akitoka salama, na baba atatoka."

Nilimkemea. Nilimwambia aache upuuzi, kitabu ni karatasi na uzi na mimi ndiye ninayejua. Lakini tangu hapo nikaanza kumwombea mpima, Mungu anisamehe, kama mtu wa nyumbani.

Kitita cha tisa kiliishia mpima yuko hoi kwa homa, punda amesimama kando yake, moto umebaki makaa. Hiyo ilikuwa jana mchana. Hakimu akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Cha kumi."

Nikakichukua, nikafanya kama siku zote. Juu: *Kulipokucha, moto ulikuwa umezimika.* Chini, mstari wa mwisho wa kitabu kizima: *Wakachimba kaburi kando ya mto, wakarundika mawe juu yake, wakaondoka bila kugeuka nyuma.*

Nikakifunga haraka. Na palepale, haki ya Mungu siongezi chumvi, simu yangu ikalia mezani. Ulikuwa ujumbe kutoka ofisi ya kampuni ya mume wangu, na kwenye kioo ulionekana mstari mmoja tu: *Tunasikitika kukujulisha kwamba...*

Sikuufungua. Niligeuza simu kifudifudi, nikaitia kwenye droo ya nyuzi, na kitita cha kumi nikakitia juu yake.

"Hakuna cha kumi," nikamwambia Hakimu. "Kimenyofolewa. Watoto wa shule yenu hawana adabu."

Niliogopa, nasema wazi. Mtu mzima, mwenye mdomo unaojulikana mtaa mzima, nilikiogopa kimstari. Nilijiambia, nisipousoma bado nina mume. Ofisi ilipiga mara mbili asubuhi ya leo; nikaisikia ikitetemesha droo nzima, nikajifanya hamnazo, nikaendelea kupaka gundi.

Tatizo la kuzaa hakimu ni kwamba anakumbuka ushahidi.

"Mama, ulivihesabu mbele yangu Jumatatu," alisema. "Ulisema kumi. Ukasema, afadhali hiki kimekamilika."

"Nilikosea."

"Wewe? Kuhesabu vitita?"

"Ebo! Unanihoji kama nani? Nimekwambia hakuna!" Nikapiga brashi mezani, gundi ikamrukia shavuni. Hakujifuta. Alinitazama tu, na yale macho ya baba yake yalinishinda. Nikachukua kanga yangu, nikasema nakwenda kununua gundi, na gundi ilikuwa tele.

Nilizunguka mtaa huo mara mbili kama mtu aliyedondosha funguo. Niliporudi nilimkuta amesimama mbele ya meza, droo wazi, kitita cha kumi mkononi.

Nikasema, "Mwanangu, njoo, njoo nikushike."

"Unishike kwa nini? Mama, umemzika mtu mzima!"

"Nini?"

"Mpima hajafa! Homa ilimwachia alfajiri. Wafugaji waliona moshi wa moto ulipozimika, wakamfuata, wakampa maziwa, akaweza kusimama." Alikuwa anapiga kile kitita kwa kidole kama anasoma hukumu. "Aliyekufa ni punda. Alichoka. Wakamchimbia kaburi kando ya mto, ndipo wakaondoka. Yote yameandikwa. Hukusoma?"

"Nilisoma juu na chini."

"Na katikati?"

Miaka ishirini na miwili ya kazi, na mtoto wa darasa la tano ameniweka kizimbani.

Hakimu akashusha sauti. "Na simu yako inafanya nini kwenye droo ya nyuzi?"

Akaitoa, akaitazama, akaona ule mstari wa kwanza. Nikaiona rangi ikimtoka usoni. Kwa mara ya kwanza tangu mawasiliano na baba yake yakatike, alionekana mtoto wa miaka kumi na mmoja.

"Huu nao hukusoma katikati?" aliuliza.

"Siwezi, mama yangu. Siwezi."

Alinishika mkono. Vidole vyetu vilinatana kwa gundi. Akaufungua ule ujumbe, akakohoa kidogo kama anavyofanya darasani, akasoma kwa sauti:

"*Tunasikitika kukujulisha kwamba mtambo wetu umesombwa na mafuriko pamoja na mizigo na simu za mafundi, hivyo hawawezi kukupigia. Mafundi wote sita ni wazima. Wamehifadhiwa katika shule ng'ambo ya mto hadi daraja litengenezwe. Mumeo ameagiza uambiwe usiuguse mpini.*"

Basi. Karani wa watu ameyaandika vilevile alivyoambiwa, wala hakuuliza mpini gani.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Nikamwambia arudie tena, hapo kwenye mpini. Nikakaa sakafuni juu ya vipande vya karatasi, nikacheka na kulia kwa pamoja mpaka mbavu zikauma. Mwanamume amesombewa kila alichokuwa nacho, analala sakafu ya darasa, na bado ananiwekea masharti! Ngoja arudi. Nitamlaki na bisibisi mlangoni. Jamani, kumbe nilikuwa nimezuia pumzi tangu jana.

Nilipofuta macho nikamwona Hakimu amekaa kando yangu, kitita cha kumi mapajani, ukurasa wa mwisho. Alitoa biskuti mfukoni, akaitazama, akaila. Halafu akaanza kulia. Si kilio cha kujibana. Kilio cha kwikwi, mabega yanaruka, kamasi, kila kitu.

"Nini tena? Baba mzima!"

"Punda," alisema. "Punda maskini, Mama. Alimbebea maji njia nzima."

"Si ulishasoma tangu nilipotoka? Mbona hukulia?"

"Nilikuwa namngoja baba kwanza."

Nikamvuta kifuani. Tukamlilia yule punda, wawili sisi, mchana kweupe, mpaka gundi ikakauka kwenye brashi.