Upande Mwekundu wa Utepe

Siku za Kwaresima wanawake wa Tawi la Arobaini na Moja hukutana jikoni, chini ya ukumbi wa chama, kukunja pirohi, vile vifuko vya unga vinavyochemshwa majini. Mmoja anasukuma unga, mwingine anapima viazi na jibini, mwingine anabana kingo kwa vidole. Ijumaa mji mzima huja kununua, hata wale wasiojua Kwaresima ni nini.

Verona Dzurik alikuwa mbanaji. Miaka sabini na tisa, vidole vimepinda kama mizizi, lakini pirohi aliyoibana yeye haikufunguka kwenye maji hata siku moja. Jumanne moja alikuwa katikati ya kazi pale Metod Sabol, mwenyekiti wa tawi, aliposhuka ngazi na barua mkononi, kofia bado kichwani.

"Dada Verona, nawa mikono."

"Nikinawa nani atabana hizi? Wewe? Zako zikiingia majini zinageuka supu."

Wanawake wakacheka. Metod hakucheka. Alivua kofia, akasoma ile barua taratibu kama mtu anayesoma injili. Makao makuu ya Chama cha Mtakatifu Gorazd yamemchagua Dada Verona Dzurik kuwa Mtumishi wa Mwaka, kwa miaka thelathini na mmoja ya kuwatembelea wagonjwa. Jumapili ijayo kutakuwa na chakula ukumbini. Bwana Kosco mwenyewe, mkuu wa chama, atakuja na kibao cha heshima.

Walimkumbatia, wakambusu, wakamwachia unga kwenye mashavu yote mawili. Yeye alisimama tu na pirohi moja mkononi.

"Na Pavlina?" akauliza.

Kijiti cha kusukumia unga kikasimama. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemsikia Verona akilitamka jina hilo.

Chama hiki walikianzisha wachimba makaa, babu zao hao hao, hapa hapa mjini Lorrey, wakati mtu akiangukiwa na mwamba mke wake hakuwa na wa kumletea hata mkate. Wakaapa mambo mawili: mgonjwa atatembelewa, na maiti atazikwa na ndugu. Na wakaweka sheria kwamba watembeleaji waende wawili wawili, kwa sababu mmoja peke yake anaweza kuishia baa akarudi akasema mgonjwa hajambo. Basi Verona na Pavlina Hricko waliteuliwa pamoja, siku moja, wakaandikwa kwenye daftari mstari mmoja.

Kila mwanachama ana utepe wake, upana wa vidole vinne, wa kubandika kifuani kwa pini. Upande mmoja ni mwekundu, una jina la chama na nyuzi za dhahabu zinazoning'inia. Huo ni wa sikukuu. Ukiugeuza, nyuma ni mweusi, maandishi ya fedha. Huo ni wa mazishi. Mtoto wa chama anajifunza hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Sasa, siku alipozikwa Janko, mume wa Verona, Pavlina alisimama kaburini na upande mwekundu. Jua lilikuwa kali, nyuzi za dhahabu zikang'aa katikati ya tepe nyeusi tii. Verona aliona. Akakumbuka kwamba Janko, kabla ya kumwoa yeye, alicheza dansi na Pavlina majira mawili ya kiangazi. Akasema moyoni: amekuja kusherehekea. Hakuuliza. Alifunga mdomo kama anavyobana pirohi, na haukufunguka tena.

Lakini kazi ni kazi. Waliendelea kwenda wote wawili, kwenye gari la Pavlina, Verona kiti cha nyuma kama gunia la viazi. Chumbani kwa mgonjwa walisemezana kupitia kwa mgonjwa mwenyewe. "Mwambie mwenzangu afunge dirisha, unapigwa na baridi." "Mjibu kwamba dirisha limefungwa, avae miwani." Wagonjwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee mmoja alisema ugomvi ule ulimfaa kuliko dawa.

"Fomu ya makao makuu ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina," Metod alisema, kofia inazunguka mikononi. "Nikaandika la kwanza kwenye daftari."

"Kazi ilikuwa ya wawili."

"Najua, dada. Na sasa mwenzako ana wiki kumi kitandani, mapafu. Mimi na mke wangu ndio tunakwenda, na mke wangu ameshikwa na mafua. Kesho nahitaji mtu wa pili."

Verona aliiweka ile pirohi kwenye sinia. Akanawa mikono, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Saa ngapi?"

*

Pavlina alikuwa amekuwa mdogo. Mto ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Paka wa kijivu alilala miguuni pake. Verona akasimama mlangoni na sufuria ya supu ya uyoga, utepe kifuani, upande mwekundu, kwa kuwa kwa mgonjwa hawaendi na mweusi.

"Metod, mwambie mgonjwa nimemletea supu."

"Pavlina, amekuletea..."

"Nimesikia. Mabovu ni mapafu, si masikio. Muulize kama safari hii ameweka chumvi."

"Verona, anauliza kama..."

"Mwambie chumvi ipo, ulimi wake ndio hauna."

Metod aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Mimi ni mwenyekiti," akasema. "Si waya wa simu." Akachukua beleshi pembeni ya mlango, akatoka kuondoa theluji kwenye ngazi.

Wakabaki wawili. Nje beleshi lilikwaruza jiwe, likatulia, likakwaruza tena. Verona alitazama ukuta, akatazama supu, halafu macho yake yakaangukia kwa paka.

"Usithubutu kumtumia paka," Pavlina alisema.

Verona akaketi. Sufuria aliipakata mapajani, joto linapita kwenye sketi.

"Ule utepe," akasema.

"Upi?"

"Unaujua."

Pavlina akavuta pumzi, na pumzi ikamchukua muda mrefu kuipata.

"Nilikosea," akasema.

"Ulikosea nini?"

"Upande. Nilitoka zamu ya usiku kiwandani, nikaubandika ndani ya gari bila kuangalia. Nilikuja kuuona padri ameshaanza kunyunyiza maji ya baraka. Nikawaza, nikiugeuza sasa kila mtu ataona. Nikabaki hivyo hivyo."

"Miaka kumi na tisa! Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Verona akafungua sufuria, akamnywesha mwenzake supu, kijiko kwa kijiko, mpaka nusu ikaisha.

"Haina chumvi," Pavlina alisema.

"Najua. Nililia nikasahau."

"Nasikia wanakupa kibao."

"Nitakikataa."

"Ukatae? Mjinga wewe. Ukikataa watampa mtu aliyepanda miti mitatu akapigwa picha. Pokea. Mimi kibao nikipeleke wapi, kikae na vumbi?" Akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Lakini nitaje. Simama pale mbele useme, nilikuwa na Pavlina. Mji wote unajua mdomo wako ulilikataa jina langu. Nataka walisikie kutoka mdomo huo huo, nikiwa bado hai."

"Nitasema."

"Apa."

"Naapa kwa Janko."

*

Jumapili ukumbi ulijaa. Vitambaa vyeupe mezani, supu ya kuku na tambi, kabichi na nyama, na tepe nyekundu vifuani kama bustani. Bwana Kosco alitoka makao makuu na suti nzuri na maneno mazuri. Alisema kuhusu nyumba ngapi zilizotembelewa, usiku ngapi, vitanda vingapi. Alisema mwanamke mmoja, peke yake, alibeba wagonjwa wa mji huu mabegani.

Peke yake. Verona alilisikia neno hilo, likamchoma.

Akaitwa. Alipanda jukwaani akishika ukuta. Bwana Kosco akampa kibao kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mkono mwingine. Verona aliishia darasa la sita, na maisha yake yote alisema na watu waliolala, chumbani, kwa sauti ya chini. Hakuwahi kusema na watu mia na ishirini walioketi wima. Alifungua mdomo. Pumzi yake mwenyewe ikatoka kwenye spika kama upepo wa mgodini, naye akashtuka. Maneno yote aliyoyapanga yakamtoroka kama kuku waliofunguliwa banda.

"Asanteni," akasema. "Asanteni sana."

Akashuka. Alipoketi ndipo alipokumbuka jina. Alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti, lakini walikuwa wameshaanza kuimba, wote wamesimama, wanamtakia miaka mingi, na sauti yake ndogo haikuwa na pa kupitia. Akakaa. Supu iliyokuwa mbele yake hakuigusa.

Kesho yake alikwenda na Metod. Walikwenda wawili, kama sheria inavyosema. Pavlina alikuwa macho, lakini kwa mbali.

"Ulisema?"

Verona alivua glavu moja. Akavua ya pili. Metod alikuwa amesimama nyuma yake na kofia yake.

"Nilisema," akajibu.

"Walifanyaje?"

"Walipiga makofi."

"Mengi?"

"Mpaka supu ikapoa."

Pavlina akatabasamu, macho yamefumba. "Basi yalikuwa mengi. Supu ya pale hutoka inachemka." Akamtafuta kwa mkono. "Asante, dada."

Metod aliitazama kofia yake, akaizungusha. Nje, kwenye ngazi, alimshika Verona kiwiko ili asiteleze, na wakatembea hivyo mpaka garini. Safari hii Verona aliketi mbele.

Alhamisi asubuhi Pavlina Hricko alifariki.

*

Alizikwa Jumamosi. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, kilima cha makaburi kimekuwa matope, na wanachama walipanda wakishikana mikono, kwa maana hakuna aliyekuwa na chini ya miaka sitini. Wote walikuwa wamegeuza tepe zao. Weusi kwa weusi, kama kunguru kwenye uzio.

Verona alifika wa mwisho. Alikuwa amevaa koti jeusi, kitambaa cheusi, viatu vyeusi. Na kifuani, utepe mwekundu, nyuzi zake za dhahabu zinacheza na upepo.

Mnong'ono ukapita. Wanawake wa jikoni walitazamana. Wapo waliokumbuka, wakaona huyu mzee amekuja kulipiza kisasi kwa maiti. Metod akamsogelea, akainama sikioni.

"Dada Verona, umekosea upande."

"Sikukosea."

"Watu wanaangalia."

"Waangalie. Pavlina pia walimwangalia."

Padri alimaliza kunyunyiza maji. Ikafika zamu ya chama, ambapo kila ndugu hupita na kutupa donge la udongo bila kusema. Verona alipita wa kwanza. Alichukua udongo, lakini hakuutupa. Aligeuka, akawatazama wote, na safari hii hapakuwa na kipaza sauti cha kumtisha.

"Mnaushangaa utepe wangu," akasema, sauti ile ile ya chumba cha mgonjwa, ikawabidi wasogee ili wasikie. "Huyu dada alivaa hivi akimzika Janko wangu. Alikosea. Zamu ya usiku, hakulala, akakosea. Mimi nikamnyima neno miaka kumi na tisa, na nyinyi mkaona, na hakuna hata mmoja aliyeniambia, Verona, hebu muulize. Sawa. Kosa si lenu. Leo navaa mimi, ili kosa liwe la wawili."

Akaugandamiza ule udongo kiganjani.

"Jumapili nilisifiwa peke yangu. Ni uongo. Gari lilikuwa lake. Njiani kwa mgonjwa Hudak tulipokwama kwenye theluji, yeye ndiye aliyesukuma. Waliokufa mikononi mwetu, yeye ndiye aliyewafumba macho, mimi naogopa. Niliapa nitamtaja, nikaogopa pia. Kisha nikaenda nikamdanganya. Nilimwambia nimemtaja na mmempigia makofi." Akalitazama kaburi. "Alikufa anaamini. Pavlina Hricko. Pavlina. Nawaomba ndugu zangu, msiniache na uongo huu mbele yake."

Kaburini watu hawapigi makofi, hata watoto wanajua. Padri alitazama kitabu chake.

Metod akaweka kofia yake juu ya jiwe la kaburi la jirani. Akavua glavu, akazitia mfukoni, akaanza kupiga, polepole, mikono yake mikubwa ya mchimba makaa. Halafu wanawake wa jikoni. Halafu wote, wamevua glavu kwenye baridi ile, mikono mizee, mikavu, na sauti ikashuka kilimani mpaka kwenye nyumba. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Verona aliuachia udongo ukaanguka, akapiga naye, tope kwenye viganja.

Walipofika ukumbini, waliobaki jikoni walikuwa wakilalamika mlangoni. Walisikia kengele ya kanisa, wakapakua kama kawaida, na watu wakachelewa kilimani, na sasa tazama. Supu ilikuwa mezani, sahani baada ya sahani, mafuta yameganda juu.

Verona akaketi mahali pake, na utepe wake mwekundu. Akachukua kijiko, akainywa ile supu ikiwa baridi, yote, mpaka chini.