Mtoto Yangu

Restituta alirudi Nangwa na cheti cha semina ya Babati, makao makuu ya mkoa mpya, akakiendesha kikundi cha ushauri cha kina mama kama darasa: anayetaka kusema asimame kwanza. Bibi Getruda aliposimama akaanza, "Mtoto yangu alikufa," Restituta alimkatiza: "Mtoto wangu, bibi. Rudia." Wenzake wakacheka. Bibi akaketi, na tangu hapo hakusema tena.

Leo Restituta alichelewa. Alipokaribia mlango akamsikia bibi: "Mtoto yangu aliniita, mimi niko shambani." Kina mama walikuwa wakilia naye. Restituta akaona aibu, akataka kurudi nyuma, lakini walishamwona. Wote wakanyamaza, wakasimama.

Bibi Getruda, mkubwa kuliko mama mzazi wa Restituta, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."