Mawe Chini ya Mwaloni wa Mpakani

Kuna watu wakikupenda, tafuta pa kukimbilia. Mwaloni, ule mti wa mpakani pale kijijini Hathercombe, ulikosa miguu tu. Miaka mia saba ulistahimili radi, ukame na vita, kisha wanakijiji wakaupenda. Wakaujengea sakafu ya mawe kuzunguka shina lote, kila jiwe limechongwa jina la marehemu wa nyumba fulani. Hester Pridmore, aliyefanya kazi ya misitu miaka thelathini, aliwaambia mkutanoni kwamba mizizi nayo hupumua, wakiifunika itakufa. Wakamsikiliza kwa adabu, wakanywa chai yao.

Miaka minane baadaye matawi ya juu yamekauka, na kamati ya kijiji imeamua: Jumatatu unakatwa. Eti umezeeka! Loo, watu hawana haya.

Jumapili ilikuwa siku ya kuzunguka mpaka wa parokia. Kila mwezi wa tano wanakijiji hupita na fimbo na kuuchapa mwaloni ili mpaka usisahaulike. Hester alikuja na mtaimbo.

"Bibi Hester, hiyo nayo ni fimbo?" akacheka Clement Tuffnell, mwenyekiti wa kamati.

"Usinichekee! Nani kakwambia mti huu umezeeka?"

"Shina lina pango. Utawaangukia watu."

"Mwaloni huishi na pango karne nzima, Clement! Wauaji ni nyinyi na sakafu yenu. Ing'oeni!"

"Mawe ya marehemu wetu? Utang'oa na la mama yangu?"

"Mama yako yuko kaburini, kule kanisani. Huku mmemleta aje kuua?"

Watu wakaguna. Clement akapata pa kumshikia.

"Hee! Nyani haoni kundule. Na la Edwin wako je? Si hilo hapo, shinani kabisa? Mbona hukulikataa?"

Hester akahisi uso unamuwaka. Ilikuwa kweli. Mumewe alikuwa na mwezi mmoja tu kaburini walipomletea jiwe lile, naye alilibusu. Tangu hapo alikuja kila Jumamosi kulifuta majani, akijua vizuri linafanya nini huko chini. Hasira yote aliyokuja nayo ikamgeukia mwenyewe.

"Nilikuwa mjinga mwenzenu," akasema. "Tena mimi ndiye mbaya zaidi, maana nilijua."

Akachomeka mtaimbo kando ya jina la mumewe, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Jiwe likakwama, kisha likang'oka. Chini yake udongo ulikuwa mgumu, unanuka uvundo, hauna hata nyungunyungu. Akalibeba jiwe kifuani, akalilaza kwenye nyasi, mbali na mti. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Akarudi, akamnyooshea Clement mtaimbo.

"Haya, bwana mwenyekiti. La mama yako ni lipi?"

Clement akatazama chini. Alikuwa amelikanyaga. Akatupa fimbo yake, akasogea pembeni, akaupokea mtaimbo.